Mbegu za mnafu

Leo nimetoka duka la pembejeo hapa Tengeru na pakiti ya mbegu za nyanya chotara, zile za kuchanganya aina mbili. Zinazaa sana, sina ubishi. Ila ukikamua mbegu zake ukapanda tena, kizazi cha pili hakitabiriki.

Nikapitia sokoni.

Bibi mmoja muuza mboga akanifungulia kitambaa: mbegu za mnafu, ile mboga ya majani, ndogo kama vumbi, zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Alipewa na mama mkwe wake, naye anazitunza kila msimu.

Akanimiminia kiganjani. Nilisisimka jamani! Kazi ya wanawake wangapi ile?

Nyanya nitaweka chotara. Mnafu, wa bibi.

Nyinyi mmepanda zipi? Na nani ana mbegu za ngogwe (nyanya chungu) za asili, tubadilishane?