Mama alikuwa anatembea vizuri, mpaka umsemeshe

Mama yangu ana miaka 74, tunaishi nae Tanga, na mwaka jana alianguka mara mbili ndani ya miezi mitatu. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, ila nyonga iliuma akawa anachechemea wiki nzima. Sisi watoto kila mtu na lake, huyu anasema presha, yule anasema macho, mimi nikang'ang'ania ni zile ndala zake. Hakuna aliyekumbuka kwamba mara zote mbili alikuwa anaitikia mtu. Ya kwanza mjukuu alimwita kutoka uani, ya pili alikuwa anaenda chooni simu iko sikioni.

Hilo tulikuja kulijua kwa fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ni binti mdogo tu, akamwamkia mama, akamuuliza kazi aliyokuwa anafanya (mama ameuza samaki pale sokoni Deep Sea karibu miaka thelathini), ndio akaweka kiti cha mikono, akapima mita 3 akabandika utepe sakafuni. Akamwambia mama, nikisema nenda unainuka, unatembea mwendo wako wa siku zote, ukifika kwenye utepe unageuka, unarudi unakaa. Yeye kashika stopwochi. Mama akatumia sekunde 14. Mwongozo wa Wamarekani wa kuzuia wazee wasianguke unasema ikifika 12 au zaidi mzee yuko kwenye hatari, nikajipa moyo kwamba kazidisha mbili tu.

Akamwambia arudie, ila safari hii awe anahesabu kurudi nyuma kuanzia 100, anapunguza tatu tatu. Mama akaanza 97, 94, kufika katikati akasimama. Kasimama kabisa, mguu mmoja mbele, macho juu kwenye dari, midomo inacheza, akasema 91 ndio mguu ukaendelea. Kwenye kugeuka akayumba, fizio akamdaka kiunoni. Sekunde 23. Mimi nimekaa pembeni na mkoba wake mapajani, mwili ukaniisha nguvu, maana ilikuwa kama naangalia anavyoanguka nyumbani.

Fizio akatueleza kwamba kijana anatembea bila kufikiria, lakini mzee miguu ikipungua nguvu na nyayo zikipoteza hisia, inabidi ubongo usimamie kila hatua, sasa ukimuongezea kazi ya pili, moja lazima iachwe. Baadae nikasoma kwamba watafiti wa Sweden waliliandika hili tangu 1997, wazee waliokuwa wakisimama pale wanapojibu maneno ndio walioanguka zaidi miezi iliyofuata.

Vipimo vingine vilienda haraka. Kusimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, inatakiwa sekunde 10, alipata 5. Kuinuka na kukaa kwenye kiti mikono imekunjwa kifuani kwa sekunde 30, alipata mara 7, na kwa mwanamke wa miaka 70 hadi 79 chini ya 10 ni pungufu.

Kipimo cha kumbukumbu ndio kiliniuma. Ni kile cha pointi 30 kilichotoka Montreal, kijana mwingine anasoma kwenye karatasi ya Kiswahili, akamwambia mama achore saa, mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi. Mama akachora duara, akapanga namba zote, mshale mfupi akaupeleka kwenye 5. Yule kijana akaandika kosa. Jamani, sisi saa kumi na moja mshale si uko kwenye 5! Kumbe aliyetafsiri alichukua ile 11 ya Kizungu akaiweka kama ilivyo, alitakiwa kusema saa tano. Nilimwambia kwa adabu, akaangalia saa ya ukutani, akakubali akarekebisha. Na mama kaishia darasa la nne, kipimo chenyewe kinaongeza pointi moja kwa waliosoma miaka 12 au pungufu, nayo ilikuwa imesahaulika. Mkimpeleka mzee ombeni kukaa karibu mfuatilie, tena msimjibie, sikilizeni tu anaulizwa nini. Mwishowe daktari akasema haoni ugonjwa wa kusahau, turudi baada ya mwaka.

Nyumbani tukaanza. Kila baada ya swala anainuka na kukaa kwenye kiti mara tano, tukapandisha mpaka kumi. Kusimama kisigino kwa vidole anafanya pembeni ya meza ya jikoni na mtu yuko nyuma yake. Zile hesabu alizichukia, fizio akasema basi ataje samaki. Wiki mbili alitaja akiwa amekaa, halafu amesimama, ndio tukaingia kutembea kwenye korido, mimi ubavuni, yeye changu, tasi, kolekole, nguru, pono. Akizoea tunaongeza kutaja na bei. Siku alipoanza kubishana na mimi bei ya nguru huku miguu inaenda, nililia.

Na sisi tukabadilika. Haitwi mtu anayetembea, unamfuata ulipo uongee nae. Simu ikilia anakaa kwanza. Mkeka wa mlangoni tuliutoa, ndala zikabadilishwa na viatu vyenye mkanda nyuma, fundi akachomelea bomba la kushikia chooni. Mjukuu ndio alichelewa kushika, ana miaka sita, mpaka leo kuna siku anasahau anapiga kelele "Bibi!" kutoka uani.

Baada ya wiki 12 tulirudi. Mwendo wa kawaida sekunde 11, akitaja samaki sekunde 15 na hakusimama hata mara moja. Kisigino kwa vidole bado, amefika 8. Tunarudi tena mwezi ujao.