Nimeshasali, mwanangu

Tangu Jumamosi neno hili haliniachi: "Nimeshasali, mwanangu."

Tulifungua sanduku la bati la Mama, mimi na Kaka, maana mpangaji mpya anahamia chumba cha uani. Nilitegemea kanga. Zilikuwepo, na cheti cha ndoa cha 1978 chenye mhuri wa usharika, na chini kabisa Biblia mbili zimefungwa pamoja kwa utepe. Ya Mama naijua, ile nyeusi iliyoshonwa mgongoni kwa uzi. Ya pili ni ndogo, na jaladani ina alama ya dole gumba la grisi. Ya Baba.

Nimeshaandika mara nyingi kwamba Mama alitulea kanisani peke yake. Baba alikuwa dereva wa treni TAZARA. Jumapili nyingi zilimkuta njiani, na zile alizokuwepo Temeke alikaa barazani akisugua viatu.

Pembeni mwa kurasa za Biblia yake kuna maandishi ya penseli, tarehe na jina la stesheni. Mlimba. Makambako. Tunduma. Zaburi ya 121: 9/3/1986, Mlimba. Nikafungua ya Mama. Zaburi ya 121, kalamu ya buluu, 9/3/1986, nyumbani. Kaka akasema tujaribu nyingine. Tulijaribu mpaka giza likaingia na taa hatukuwasha.

Sasa lile neno. Nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa amerudi zamu alfajiri, mimi nimeshavaa gauni la Jumapili.

"Baba, mbona wewe huendi kanisani?"

"Nimeshasali, mwanangu."

"Umesali na nani, na treni?"

Akacheka, akaomba chai. Mama alikuwa mlangoni anafunga kilemba, akatabasamu. Tabasamu lile nimelibeba miaka yote hii nikidhani ni la mwanamke aliyekwisha kukata tamaa na mumewe. Na nani! Niliuliza mwenyewe, na aliyesali naye amesimama pale mlangoni.

Wiki nzima nimelia kwa hilo. Kaka amepandishwa cheo, mkopo wa SACCOS umekwisha, na mimi niko palepale barazani na gauni langu, namjibu Baba vile.

Ila jana usiku naosha vyombo nikajikuta nacheka. Walikuwa na jambo lao wawili, nalo lilikuwa tamu kiasi kwamba hawakuona haja ya kunieleza mtoto. Nikafuta mikono nikaenda kuifungua tena ile ndogo. Mwaka 2009, alipofariki, penseli inakoma. Kalamu ya buluu inaendelea humohumo, kwenye Biblia ya Baba, mpaka mwaka jana. Tarehe tu, bila stesheni.

Mvua haijakatika tangu mchana. Neema wetu hupita Jangwani, bondeni kunakofurika mvua ikizidi, akitoka kazini, na simu yake tangu saa kumi haipatikani.