Bendera ya Pocatello ilivyochekwa mpaka ikabadilishwa

Jana usiku badala ya kulala nikajikuta nasoma habari za bendera za miji ya Marekani, usiniulize nilifikaje huko, nikakwama kwenye mji mmoja mdogo unaitwa Pocatello, uko jimbo la Idaho, watu kama elfu 56 hivi, mji wa reli, jina wamelitoa kwa chifu wa Washoshone, kabila la wenyeji asilia wa Marekani.

Sasa mwaka 2004 chama cha wataalamu wa bendera wa Amerika Kaskazini, NAVA, kiliitisha kura mtandaoni kwa bendera 150 za miji ya Marekani. Washington DC ikawa ya kwanza, Chicago ya pili, na aliyeshika mkia kabisaaa ni Pocatello, alama 1.48 kati ya 10.

Ikabidi niitafute picha. Jamani. Kitambaa cheupe, maandishi makubwa "Proud to be Pocatello", yaani tunajivunia kuwa Pocatello, na milima milima hivi, halafu kilichonimaliza ni vile viandishi vidogo vya alama ya biashara na hakimiliki. Kwenye bendera! Sijui walihofia nani ataiiba. Kumbe ilikuwa logo ya kampeni tu, ikabandikwa kwenye kitambaa ikapandishwa mlingotini, na baraza la mji halikuwahi hata kuipitisha rasmi, kwa hiyo walichekwa zaidi ya miaka kumi kwa bendera ambayo kisheria wala haikuwa yao.

Na huu ndio mji ambao mwaka 1948, baada ya baridi kali kuwanunisha watu, meya wao alipitisha sheria ya utani kwamba ni kosa kutotabasamu 😂

Ila tusiwaonee, manake miji kibao ya Marekani bendera yao ni shuka la bluu na muhuri wa mji katikati basi. Muhuri kazi yake ni kukaa kwenye karatasi, umeishika mkononi unasoma taratibu, mwaka huu hapa, jembe lile pale, treni, jua linachomoza. Sasa uutundike juu huko upepo unapiga, utaona nini zaidi ya duara? Na kuna mihuri ambayo afadhali usiione vizuri. Whitesboro, kijiji cha jimbo la New York, muhuri wao ulimwonyesha mwanzilishi wao mzungu Hugh White akipigana mieleka na Mwoneida, mtu wa kabila la wenyeji asilia wa huko, wenyewe wanasema ulikuwa mchezo wa kirafiki, lakini mgeni akitazama anaona mtu anakabwa koo. Januari 2016 wakapiga kura, 157 wakataka muhuri uliopo ubaki. Wakachekwa kwenye TV, wakajifikiria upya, mwaka uliofuata wakauchora tena.

Pocatello nao dawa yao ilikuwa hiyo hiyo. Mwaka 2015 Roman Mars, yule wa podkasti ya mambo ya dizaini, akapanda jukwaa la TED, lile la hotuba fupi fupi, akawaonyesha watu ile bendera, ukumbi mzima kicheko, ikasambaa mtandaoni. Mji ukaunda kamati, ikaomba watu watume michoro, ikaja zaidi ya 700, na Julai 2017 baraza likapitisha moja: bluu, milima mitatu myekundu imesogea kushoto, dira ya dhahabu kwenye kilele cha ule mrefu kwa ajili ya historia yao ya reli na usafiri, na chini mstari wa bluu hafifu, huo ni mto Portneuf. Herufi hata moja hamna.

Nikafunga simu nikajaribu kuichora kwa kumbukumbu nyuma ya risiti, milima ikaja, mto ukaja, dira ikatoka kama buibui lakini ikaja. Nikajaribu na ile ya zamani. Nilichokumbuka ni hakimiliki.