Nilivyoupatia mtambo wa tani 13 mkasi wake wa kukatia miti

Nina ekskaveta moja ya tani 13, mtambo wa kuchimba wenye mkono mrefu na ndoo. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa mitaro, mabwawa madogo na kusawazisha viwanja. Nilipopata kazi ya kuondoa miti ya milingoti (mikaratusi) kandokando ya barabara ya kijiji huku Mufindi, niliona chenso (msumeno wa injini) peke yake haitoshi. Upande mmoja kuna nyumba za watu, upande wa pili mashamba ya chai. Nikaamua kufunga mkasi wa kukatia miti kwenye ncha ya mkono wa mtambo, mahali pa ndoo. Mkasi unaushika mti kwanza ndipo unaukata, na opareta anaulaza pale anapotaka yeye.

Nikaenda kwa muuzaji wa vifaa vya mtumba. Aliuliza swali moja tu: miti yako ina unene gani? Nikamwambia sentimita 35 hivi shinani. Akanionyesha mkasi unaomeza sentimita 40, akasema unafungwa kwenye mitambo ya tani 12 hadi 20. Kibao cha uzito kilikuwa kimeng'olewa, yamebaki matundu ya riveti. Nikalipa.

Mti wa tatu ndio ulionifumbua macho. Opareta aliukata vizuri, akaunyanyua ukiwa wima, akaanza kuzunguka nao kuelekea barabarani. Mkono ulipofika ubavuni, cheni ya upande wa pili, ile ya chuma ambayo mtambo hutembelea, ikaanza kuachana na ardhi. Nilikuwa nimesimama upande huo. Niliona udongo mwekundu unadondoka kutoka kwenye vyuma vya cheni, kisha nikaona mwanga unapita chini yake. Opareta hakuhamaki. Aliushusha mkono palepale, mti ukalalia mtaro, na cheni ikarudi chini kwa kishindo.

Aliposhuka alisema, "Bosi, mbele unabeba. Ubavuni haubebi." Kazi tukaisimamisha.

Kesho yake tuliupakia mkasi kwenye Fuso tukaenda kupima mzani, gari likiwa na mkasi, kisha likiwa tupu. Tofauti ilikuwa kilo 1,140. Kifungio cha kubadilishia ndoo haraka, kilichoko kati ya mkono na mkasi, kina kilo 190 chenyewe. Yaani kabla ya kugusa hata tawi, ncha ya mkono ilikuwa imebeba kilo 1,330.

Ndipo nikafungua kitabu cha mtambo kwenye jedwali la kunyanyua, linaloonyesha mtambo unabeba kilo ngapi kwa kila umbali, ukurasa ambao sikuwahi kuusoma tangu ninunue. Umbali kwenye jedwali hauhesabiwi kutoka mbele ya cheni, unahesabiwa kutoka katikati ya mtambo, pale kabini inapozungukia. Kila umbali una namba mbili, ya mbele na ya ubavuni, na ya ubavuni ni ndogo kwa sababu cheni zinakanyaga eneo fupi zaidi upande huo. Namba yenye kinyota maana yake haidroliki, nguvu ya mafuta inayoendesha mkono, ndiyo itakayoshindwa kwanza. Isiyo na kinyota ni ya kupinduka. Jedwali limeshaacha akiba: asilimia 75 ya mzigo unaoweza kuupindua mtambo, au asilimia 87 ya nguvu ya haidroliki, ile iliyo ndogo. Lakini akiba hiyo ni ya ardhi ngumu na tambarare. Mufindi wakati wa mvua, pembeni ya mtaro, huwezi kuitegemea.

Jedwali langu limeandikwa bila ndoo, kwa hiyo kila kinachoning'inia kwenye ncha kinatolewa. Ubavuni, kwa mita 6, linanipa kilo 1,900. Mlingoti wa sentimita 35 na urefu wa mita 22 nilikadiria una ujazo wa karibu mita za ujazo 0.85, na mti mbichi wa aina hii huchukua tani moja kwa mita ya ujazo au zaidi kidogo. Ongeza matawi na majani, unafika kilo 1,000. Jumla na mkasi ni kilo 2,330. Nilikuwa nimeulazimisha mtambo kunyanyua zaidi ya uwezo wake.

Watu huniambia mbona ndoo ikijaa udongo hubeba vizuri tu. Ndoo unaivuta karibu na mtambo, na ukiona hatari unamwaga. Mti umeusimamisha angani, kitovu cha uzito wake kiko mita kadhaa juu ya taya za mkasi, na ukiinama kidogo unavuta mkono kwenda nje. Hesabu yake haifanani na ya udongo.

Nilichofanya ni kuanza na mtambo badala ya mti. Nilijiwekea kikomo cha asilimia 60 ya namba ya ubavuni, kwa mita 6 ni kilo 1,140. Nikatafuta mkasi mwepesi, nikapata wa kilo 620 unaomeza sentimita 30, na nikaufunga moja kwa moja kwa pini, bila kile kifungio. Zikabaki kilo 520 za mti. Kipande cha mita 4 chenye unene wa sentimita 30 kina kama kilo 300, kinaingia. Kwa mita 7.5 jedwali linanipa 1,250, na asilimia 60 yake, ukitoa mkasi, inabakiza kilo 130. Hapo tunakata matawi tu.

Kwa hiyo hatushushi tena mti mzima. Tunakata kipande kwa kipande, na shina nene linalobaki analimaliza mtu wa chenso, fupi, halifiki kwenye nyumba ya mtu. Opareta amechora mistari miwili ya rangi nyeupe kwenye mkono ajue mita 6 iko wapi.

Jambo moja la haidroliki: laini yangu ya mafuta ilikuwa ya nyundo ya kuvunjia mawe, mafuta yanakwenda upande mmoja tu. Mkasi unahitaji kufunga na kufungua kwa nguvu, na vali ya kushikilia taya zisilegee hata hozi ikipasuka. Fundi aliongeza laini ya pili. Usikubali kuruka hatua hiyo.

Milingoti yote tuliimaliza bila cheni kunyanyuka tena. Mkasi mkubwa uko uani chini ya turubai. Atakayeutaka awe na mtambo wa tani 20 kwenda juu, nami nitamtajia uzito wake kabla hajauliza bei.