Kutoka Tower Hill hadi Birmingham, kuifuata herufi H

Safari nilianzia Tower Hill, London, mbele ya jengo ambamo serikali ya Uingereza ilikuwa ikigonga sarafu zake. Mitambo haipo tena hapo. Kuanzia 1968 kazi ilihamia Llantrisant, Wales. Hata hivyo, mkusanyaji wa peni za Malkia Victoria hana budi kuanzia hapa, maana peni kadhaa adimu za zama zake zinasimama juu ya swali moja: iligongwa hapa, au Birmingham? Ya Birmingham ina herufi H ndogo chini ya mwaka. Ya London haina alama yoyote.

Nikapanda treni Euston, na baada ya kama saa moja na nusu nikashuka New Street, kituo kikuu cha Birmingham. Mkobani nilikuwa na lenzi ya kukuza mara 10, tochi ndogo, sumaku, vibahasha vya karatasi na mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Peni ya shaba iliyoanza kutolewa 1860 ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 95, bati 4 na zinki 1. Ikiwa mpya ina gramu 9.45 na upana wa milimita 30.8. Iliyotembea mikononi miaka mingi hupungua kidogo, hilo si kosa. Ikinasa kwenye sumaku, irudishe.

Kutoka New Street nilikwenda kwa miguu hadi Snow Hill, kisha kituo kimoja cha treni hadi Jewellery Quarter, mtaa wa masonara. Kiwanda cha Heaton, mwenye hiyo herufi H, kilikuwa Icknield Street, jengo la matofali mekundu. Ralph Heaton alinunua mitambo ya mvuke kwenye mnada wa kiwanda cha sarafu cha Soho mwaka 1850, na baadaye London ilipozidiwa na kazi ikamkabidhi sehemu ya peni zake. Ndipo ilipozaliwa H ya 1874, 1875, 1876, 1881 na 1882. Ya 1875 ndiyo ya kutafutwa: Heaton aligonga 752,640 tu, wakati London mwaka huo huo ilitoa zaidi ya milioni 10.

Mwaka 1882 mambo yanageuka. Tower Hill ilifungwa ili kubadilishiwa mitambo, peni za mwaka huo zikaachiwa Birmingham. Kwa hiyo 1882 yenye H ni ya kawaida, na isiyo na H ni adimu mno. Hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu kuondoa herufi ni rahisi kuliko kuiongeza.

Katika duka moja la mtaa huo peni zilizochakaa zinauzwa kwa kilo. Kilo moja ni peni kama 106, na zikiwa zimelika sana huzidi kidogo. Nilichagua kilo mbili, nikazipanga mezani upande wa Britannia juu, yule mwanamke aliyeketi ambaye ni nembo ya Uingereza; mwaka uko upande huo. Moja ya 1882 haikuonyesha kitu chini ya mwaka. Nilizima taa ya juu, nikalaza tochi karibu sawa na meza, nikaizungusha peni polepole. Mwanga ukitoka kulia, kivuli chembamba kilijitokeza: mguu wa kushoto wa H, na kipande cha kijiti cha katikati. Mchakao tu. Ingekuwa imekwanguliwa, ningeona mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, au doa lenye rangi tofauti na sehemu bapa ya peni inayolizunguka. Mizani haisaidii hapa. Herufi hiyo haina uzito wa kupimika.

Kwa peni za Mfalme George V usitafute H chini. Katika 1912, 1918 na 1919 iko kushoto kwa mwaka, na 1918 na 1919 kuna pia KN, ya kiwanda cha King's Norton, kusini mwa jiji hilo hilo. KN mara nyingi imefifia tangu siku ya kwanza. Kichwa cha mfalme kilichongwa kwa kina, kikanyonya metali, Britannia upande wa pili akabaki bapa. Ndevu za mfalme zikiwa kali na uso wa Britannia haueleweki, huo ni udhaifu wa kugongwa, si uchakavu. Usikubali kuuziwa wala kuuza kwa kipimo cha upande mmoja.

Wenye senti za tundu za Afrika Mashariki za 1936, za tano na za kumi, wazigeuze waangalie: H na KN za Birmingham zimo humo pia.

Hakuna peni niliyoisugua. Limau na chumvi hung'oa rangi ya miaka 140 kwa dakika moja na hairudi. Grisi hutoka kwa asetoni, kisha peni ikauke yenyewe. Ile ya 1882 niliitia bahasha, nikaandika juu yake «1882H, H imelika», nikawahi treni ya jioni ya Euston.