Mwongozo wa kusakinisha: pale anayeanza anapokwamia

Miradi mingi ya programu huria iliyoandikwa kwa Python ina faili la maelezo, README, lenye sehemu ya kusakinisha ya mistari mitatu: `git clone` (kunakili mradi kutoka mtandaoni), ingia kwenye folda, kisha `pip install -r requirements.txt` (kuweka vifurushi vya Python ambavyo mradi unavihitaji). Kwa aliyeuandika mradi hayo yanatosha, kwa sababu kompyuta yake ilishaandaliwa zamani. Anayeanza, mwenye mfumo endeshi wa Ubuntu 24.04 uliowekwa jana, akifika mstari wa tatu anakutana na `error: externally-managed-environment` na kufunga dirisha. Hajakosea chochote. Tangu Debian 12 (mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake) na Ubuntu 23.04, zote za mwaka 2023, mfumo unaizuia pip kuweka vifurushi ndani ya Python ya mfumo ili isivunje zana ambazo mfumo wenyewe unazitegemea. Mwongozo ndio uliopitwa na wakati.

Kinachotakiwa ni mazingira pepe, yaani folda ya Python inayojitegemea kwa ajili ya mradi huo peke yake:

```
sudo apt update
sudo apt install git python3-venv
python3 -m venv .venv
source .venv/bin/activate
python -m pip install -r requirements.txt
```

Amri hizi peke yake bado hazijawa mwongozo. `sudo`, inayoendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, ikiomba nywila, herufi hazionekani unapochapa. Lisemwe hilo, maana asiyewahi kutumia terminali, yaani dirisha la kuchapa amri, huamini kibodi imekufa. Kifurushi cha `python3-venv` kikiachwa, amri ya tatu inagoma na kusema `ensurepip is not available`, kwa kuwa Debian na Ubuntu hukitenga na Python yenyewe. Baada ya amri ya nne, msomaji aambiwe atazame mwanzo wa mstari: pawe na `(.venv)`. Asipoiona, asiendelee. Na aonywe mapema kwamba akizima kompyuta na kurudi kesho, alama hiyo itakuwa haipo, na programu itamwambia `ModuleNotFoundError: No module named 'django'` ilhali aliisakinisha kwa mkono wake mwenyewe. Dawa ni kuingia tena kwenye folda ya mradi na kurudia amri ya nne tu. Hapo ndipo watu wengi hufuta kila kitu na kuanza upya bila sababu.

Kwa hiyo kila hatua ibebe mambo manne: amri, mahali pa kuichapa, kinachoonekana ikifaulu, na kinachoonekana ikishindikana pamoja na tiba yake. Ukurasa utarefuka, na urefuke. Anayejua ataruka, asiyejua hana pa kurukia.

Windows ipewe sehemu yake yenyewe, isifichwe kwenye mabano mwishoni mwa sentensi. Huko, kuchapa `python` kabla ya kuisakinisha kunaweza kufungua duka la Microsoft. Ukitumia kisakinishi cha kawaida cha python.org, amri ya `py -m venv .venv` ni ya kutegemewa zaidi. Kisha `.venv\Scripts\activate`. Kwenye PowerShell, mojawapo ya terminali za Windows, hatua hii mara nyingi inakataliwa kwa ujumbe wenye maneno `running scripts is disabled on this system`. Tiba iko mbili: kufungua Command Prompt, terminali nyingine ya Windows, badala ya PowerShell, au kuandika `Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned` mara moja. Kwa anayeanza mimi napendekeza ya kwanza, kwa sababu haigusi mipangilio ya usalama ya kompyuta ambayo pengine ni ya ofisi au ya chuo.

Kuna makosa mengine ambayo mwandishi ndiye anayeyapanda. Alama ya `$` mwanzoni mwa amri imezoeleka kuonyesha kwamba hapa ni terminali, lakini msomaji huinakili pamoja na amri na kujibiwa `$: command not found`. Iondoe. Baya zaidi ni mabano ya pembe:

```
git clone https://github.com/<jina-lako>/mradi.git
```

Mtu akiibandika kama ilivyo, bash, programu inayosoma amri za terminali, inaisoma `<` kama agizo la kufungua faili, na jibu ni `jina-lako: No such file or directory`. Ujumbe huo hauna uhusiano wowote na GitHub, tovuti inayohifadhi mradi, na mwanafunzi anaweza kumaliza jioni nzima akitafuta faili ambalo halikuwahi kuwepo. Tumia herufi kubwa, `JINA_LAKO`, na sentensi moja juu yake inayosema neno hilo libadilishwe kabla ya kubonyeza Enter. Nukuu zilizopinda nazo ni vivyo hivyo: ukiandika mwongozo kwenye Word kisha ukauhamisha, alama za nukuu hubadilika umbo na terminali haizitambui kuwa nukuu.

Onyo la kutisha lielezwe palepale linapotokea. Mfano mzuri uko kwenye somo la kwanza la Django, zana ya Python ya kujengea tovuti. Ukiwasha seva mara ya kwanza kwa `python manage.py runserver`, kabla hujaona anwani `http://127.0.0.1:8000/` unapata maandishi mekundu: `You have 18 unapplied migration(s)`, yaani mabadiliko 18 ya hifadhidata bado hayajatekelezwa. Waandishi wa somo hilo hawakulikwepa. Wanamwambia msomaji alipuuze kwa sasa, kwamba hifadhidata itashughulikiwa baadaye kidogo. Sentensi moja tu, na mtu anapumua. Ningeongeza mbili: kwamba terminali hiyo sasa imeshikwa na seva, hivyo amri nyingine zichapwe kwenye dirisha jipya baada ya kuwasha tena `.venv`, na kwamba `That port is already in use` maana yake ni seva ya awali haijazimwa. Rudi kwenye dirisha lake na ubonyeze Ctrl+C, au utumie `python manage.py runserver 8001`.

Matoleo yatajwe kwa namba. Django 5.2 inahitaji Python 3.10 au zaidi. Kwenye Ubuntu 20.04, ambayo ina Python 3.8, pip inamaliza kwa `No matching distribution found for Django==5.2`, na msomaji anadhani Django imefutwa duniani. Hatua ya kwanza kabisa ya mwongozo iwe `python3 --version`, na namba ya chini inayokubalika iandikwe kando yake.

Halafu kuna bando. Miongozo mingi imeandikwa na watu ambao intaneti yao haihesabiwi kwa megabaiti, na inaonekana. Sema kila hatua inashusha kiasi gani: Django peke yake ni takriban MB 8, lakini picha ya kontena (mfumo mzima uliofungashwa pamoja na programu) au maktaba ya kujifunzia mashine inaweza kula bando la mwezi. Kwa hazina ya git (mradi pamoja na kumbukumbu ya mabadiliko yake yote) yenye historia ndefu toa `git clone --depth 1`, inayoshusha hali ya sasa bila historia. Anayehitaji historia baadaye ataongeza `git fetch --unshallow`. Kwa darasa au klabu, mtu mmoja ashushe kwa niaba ya wote:

```
python -m pip download -r requirements.txt -d vifurushi
```

Folda ya `vifurushi` inapita kwa flashi, na kila mmoja anasakinisha bila intaneti kwa `python -m pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt`. Sharti ni moja: mfumo endeshi na toleo la Python viwe sawa na vya aliyeshusha, la sivyo vifurushi vyenye sehemu za lugha ya C vitakataa.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, chagua neno moja na ulishikilie. Ukiandika "folda" aya ya kwanza na "saraka" aya ya tatu, mgeni atadhani ni vitu viwili. Panya hubofywa, kibodi hubonyezwa. Na ujumbe wa hitilafu usiutafsiri: uache ulivyo, kisha ueleze maana yake chini, kwa sababu msomaji ataulinganisha na kilicho kwenye skrini yake herufi kwa herufi.

Kabla ya kuchapisha, ujaribu kwenye kompyuta tupu. Ukiwa na Docker, programu ya kuendesha kontena, `docker run -it --rm ubuntu:24.04 bash` inakupa Ubuntu isiyo na chochote na inayojifuta ukitoka. Haina Python, haina git, wala sudo. Anza kwa `apt update` na `apt install -y sudo`, kisha fuata ukurasa wako kwa kunakili na kubandika tu, bila kuchapa lolote kutoka kichwani. Popote utakapolazimika kuongeza kitu, hapo pana hatua iliyoachwa.

Kontena haitakuonyesha mtu anavyosoma, kwa hiyo mtafute anayeanza kweli, ukae kando yake, unyamaze. Hili la kunyamaza ni gumu, lakini ukimsaidia mara moja jaribio limeharibika. Andika kila mahali anaposita zaidi ya dakika moja, anachosoma kwa sauti, na dirisha analofungua kimakosa. Watu watatu wanatosha kukujazia karatasi. Wakimaliza, wape wao kazi ya kusahihisha ukurasa na watume marekebisho kwenye mradi kwa majina yao, siku hiyohiyo, kwa sababu baada ya wiki mbili watakuwa wameshasahau walikwama wapi.