Siku moja chini ya mashua

Saa kumi na moja alfajiri Babu hugonga dirisha langu mara mbili kwa ukucha. Haniiti jina. Nikitoka, yeye keshafika mlango wa msikiti. Baada ya sala ni shikamoo, marahaba, gilasi ya chai ya tangawizi na kipande cha muhogo, halafu pwani.

Nina miaka 24, na huu ni mwaka wa pili niko mikononi mwa babu mzaa mama, fundi wa vyombo hapa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Watu wakisikia najifunza kuunda vyombo hufikiria tezo ya kuchongea na mataruma, mbavu za chombo, au siku ya kushua, kushusha chombo majini, watu wamejaa ufukweni wakivuta kamba. Hayo yapo. Kazi yangu mimi ni kalafati. Mbao mbili, hata zichongwe na fundi gani, hazikosi mwanya kati yake. Mwanya huo huzibwa kwa pamba yenye mafuta, inayoshindiliwa kwa nyundo na chembeu, patasi butu. Ikifanywa vizuri haionekani. Chombo kikishapakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, hakuna atakayejua mkono wako ulipita wapi. Anayejua ni nahodha, usiku, yuko katikati ya mkondo wa Pemba na ngama, chini ndani ya chombo panapokusanyika maji, ni kavu.

Saa kumi na mbili na nusu nasokota pamba. Naitandaza pajani, naivuta iwe nyembamba, naizungusha kwa kiganja mpaka ifike unene wa kidole cha mwisho, naichovya kwenye mafuta ya nazi na kuikamua. Ikibaki na mafuta mengi inateleza mwanyani, ikiwa kavu inakatika. Hata vichwa vya misumari tunavizungushia pamba hiyo hiyo kabla ya kuvipigilia. Mbao zenyewe Babu bado anazipaka sifa, mafuta ya papa, na harufu yake haitoki nguoni kwa sabuni yoyote. Mama hufua nguo zangu mbali na za wenzangu.

Saa moja mpaka saa nne, kugonga.

Saa nne na robo akaja mwenye chombo.

Mashua yake ni ya kuvulia, dhiraa 16, kama mita 7 na ushei, na tumeibadilisha mbao nne zilizooza. Anaitaka majini bamvua lijalo, maji makubwa ya kila wiki mbili. Hilo ni haki yake, maana chombo kizito hakishuliwi maji mafu, yasiyopanda sana. Bamvua likipanda hapa kwetu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4, na ndiyo maji pekee yanayotufikia huku juu tulikoiegemeza. Ukilikosa hili unangoja wiki mbili nyingine. Lakini hakuja kuuliza tumefika wapi. Alikuja na simu, akamwekea Babu usoni picha ya boti ya faiba.

"Fundi, hii siku chache tu imekwisha. Pamba ya nini zama hizi? Mimina gundi tumalize."

Babu akaendelea kugonga.

"Mzee, nasema na wewe."

"Nakusikia, mwanangu. Nisogelee huku, umenizibia mwanga."

Akaizunguka mashua akiminya viungo kwa kidole gumba. Akampigia mtu simu kwa sauti ya wazi, tukasikia sote kwamba kuna kijana mjini angeifanya kwa siku mbili. Akauliza kwa nini kazi ya maana amepewa "huyu mtoto", mimi nikiwa nimesimama hapo hapo na chembeu mkononi. Kisha, akirudi nyuma kutazama, akaikanyaga sinia yangu ya pamba. Kazi ya asubuhi nzima ikajaa mchanga. Punje moja ya mchanga ikiingia mwanyani inabaki pale inasaga mbao, basi pamba yote ikawa ya kutupwa. Hakuomba radhi. Sidhani hata alijua alichokanyaga.

Babu aliweka nyundo chini, akamweleza polepole kama anavyonieleza mimi. Mbao inakunywa maji. Ikiwa baharini inavimba, ikipandishwa juani inasinyaa. Pamba inafuatana nayo, gundi haifuati, inapasuka. Yule bwana akasikiliza, akasema basi atakata kwenye malipo, akaondoka karibu na saa sita akiahidi kurudi kesho.

Mimi nilikuwa natetemeka. Yeye usiku atalala nyumbani kwake. Watakaokuwa ndani ya mashua ni vijana sita wa hapa kijijini, na wawili nimesoma nao skuli.

Adhuhuri, wali na mchuzi wa changu kutoka kwa Bibi, kisha kusokota pamba upya.

Mchana ndio mzito. Mbao za chini huzifikii ukiwa umekaa. Unalala chali juu ya gunia, mikono juu, mafuta yanakudondokea machoni na huna mkono mkavu wa kuyafutia. Shingo inakufa ganzi, kisha mabega. Niliona miguu ya wageni ikisimama, ikipiga picha, ikaenda. Saa sikuijua tena. Tulianza wanafunzi watatu. Mmoja sasa yuko hotelini, mwingine anaendesha boti ya faiba ya watalii, na siwalaumu, wanapata mshahara kila mwezi. Babu hunitajia mtepe, chombo cha mwambao kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Mafundi wake walikwisha, akasema, nao ukaondoka baharini.

Baada ya alasiri alikuja kukagua. Hakagui kwa macho, anagonga na kusikiliza. Aligonga, akasogea, akagonga, akasimama.

"Hapa hamna kitu."

Akachokonoa, pamba ikatoka nzima kama uzi kwenye sindano. Pima moja kamili, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Hasira za yule bwana zilikuwa zimehamia mkononi mwangu, nikawa nimepitisha juu juu. Niliona aibu mpaka nikakosa la kusema.

Babu hakunikaripia. Alivua kofia, akalala mchangani ubavuni kwangu, mzee wa miaka sabini na kitu, akaanza kuipiga upya. "Sikiliza." Nyundo ikatoa sauti nzito, kisha ikapanda kidogo kidogo mpaka ikawa kavu, kama kugonga jiwe. "Hapo acha. Ukizidisha, ikivimba itasukuma misumari." Akanipa nyundo. Nikamalizia mimi, pigo moja moja, yeye kafumba macho anasikiliza.

Magharibi ilitukuta tumemaliza upande wa kulia, wa kushoto ulikwisha wiki iliyopita. Tulipotoka kusali tukamimina ndoo za maji ndani ya mashua, tukaingia chini na tochi. Pima yangu ilikuwa kavu. Karibu na fashini, gogo la mwishoni mwa chombo, tone likakusanyika, likaning'inia, likaanguka. Babu akaweka alama ya mkaa.

"Kesho tunaanzia hapa."